Kastanya za Karakana

Adui wa treni ya umeme ya Valserra alikuwa theluji. Ile nene inayolala juu ya reli haikuwa na shida, hiyo hupigwa koleo ikaisha. Matata yalikuwa kwa ile laini kama unga uliochekechwa, inayopeperushwa na upepo na kupenya kila tundu chini ya behewa mpaka ndani ya mota. Ikishaingia humo inayeyuka, na maji na umeme, jamani, havijapata kukaa nyumba moja kwa amani. Ndiyo maana kila majira ya baridi mabehewa yaliingizwa karakanani kwa zamu, mota zikashushwa na kufunguliwa, koili zilizolowa zikatolewa, na mahali pake zikawekwa nyingine zilizosukwa na wanawake wa chumba cha juu.

Mkuu wa wanawake hao alikuwa Santina Gervasoni, mjane wa fundi breki, mwenye mdomo mkali na moyo laini, ingawa huo moyo aliuficha kama watu wanavyoficha viraka. Mafundi wa chini, wale wa kupaka grisi na kubadilisha brashi za kaboni, walipovisikia viatu vyake vya mbao vikishuka ngazi, kila mtu alikumbuka ghafla kwamba ana kazi. Hata shemeji yake Bortolo, mkuu wa mafundi hao na mdogo wa marehemu mumewe, alinyooka mgongo.

Kusuka koili ni kazi ya subira. Waya wa shaba unazungushwa kwenye kibao mpaka ushike umbo, kisha unavishwa utepe wa pamba, mzunguko juu ya mzunguko, kama kidole kinavyofungwa bendeji. Baadaye koili inaingia kwenye tanuri kukaushwa, maana pamba hunywa unyevu wa hewani. Ikikauka sawasawa inachovywa kwenye vanishi, halafu inarudi tanurini. Ukiichovya kabla haijakauka, umeyafungia maji ndani, na hayatatoka tena ila pamoja na moshi. Hilo kila msukaji alifundishwa siku ya kwanza, na aliyewafundisha ni Santina.

Halafu kulikuwa na mambo ya uzi. Kabla ya mzunguko wa mwisho wa utepe, kila mwanamke alilaza uzi wake mwembamba wa rangi juu ya koili, kisha akaufunika. Wa Santina ulikuwa wa kijani, wa Colomba wa njano, wa Virginia mwekundu. Wenyewe walianzisha jambo hilo kwa mzaha na majivuno, kama mtu anavyoweka alama kwenye mkate wake kabla ya kuupeleka kwenye tanuri la kijiji. Injinia Foresti, mkuu wa karakana nzima, alipoligundua akalipenda, akalifanya sheria. Koili ikiungua inakatwa, uzi unatazamwa. Uzi wako ukionekana mara tatu katika mwaka mmoja, unafungasha vyako. Hivyo ndivyo mzaha wa wanyonge unavyogeuzwa kuwa kamba yao, na mimi sijapata kuona ofisi isiyojua kufanya hivyo.

Lakini karakana nayo ilikuwa na siri yake. Jumamosi mchana moto wa tanuri ulizimwa, koili zikatolewa, na joto likabaki ndani mpaka Jumatatu. Joto hilo la bure lilikuwa mali ya watu. Kila vuli familia za karakana zilileta kastanya zao, kokwa za msituni ambazo huko zikikaushwa na kusagwa ndizo zinazovusha nyumba pale unga wa mahindi unapokwisha. Watu wengine wa bonde walizikausha juu ya moshi kwa wiki nyingi. Wa karakana walitumia tanuri la reli, na kastanya zao zilikuwa nyeupe, tamu, hazinuki moshi hata kidogo. Ufunguo wa tanuri ulining'inia kiunoni kwa Santina. Kulikuwa na sharti moja tu: kastanya haziingii mpaka koili zimetoka.

Mwaka ninaousimulia, mvua iliwanyea watu wakiokota kastanya, na theluji ikaja kabla ya wakati wake. Mabehewa yalirudi mota zimelowa kama sponji. Tanuri likawa halizimwi, Jumamosi ikapita, ikapita nyingine, na magunia yakawa yamejaa ukutani kwenye banda la makaa yakingoja. Ndipo Bortolo alipopanda ngazi kwenda chumba cha wasukaji, kofia mkononi, na nyuma yake kundi zima.

"Shemeji," akasema, "tumekuja kwa unyenyekevu."

"Wewe ukija na unyenyekevu najua unataka kitu kikubwa. Sema."

"Kastanya zinaota."

"Basi zipande."

Watu wakacheka, isipokuwa Bortolo. "Usitutanie, shemeji. Jana nimetia mkono kwenye gunia langu, ndani kuna joto kama tumbo la ng'ombe. Zikikaa wiki moja tena tutawalisha nguruwe, na nguruwe wenyewe watatuangalia vibaya."

"Tanuri lina koili."

"Lina koili chini. Rafu za juu ziko tupu, nimechungulia. Koili zako haziumwi na kastanya."

"Zinatoa mvuke, Bortolo. Na wewe unajua."

"Mvuke unapanda juu. Kuna tundu la moshi. Mara moja tu, shemeji, nani atakufa?"

Colomba, aliyekuwa akivuta utepe bila kuinua macho, akadakia, "Mimi nina midomo mitano nyumbani, Santina. Koili haziombi chakula."

Santina alitazama nyuso zile. Alizijua zote, na jikoni za zote. Naye gunia lake lilikuwa bandani, na ndani yake kulikuwa na chakula cha watoto wake cha miezi miwili. Virginia hakuwapo siku hiyo; koili alizosuka jana yake zilikuwa tanurini, naye alikuwa nyumbani akimuuguza mumewe Egidio Milesi, aliyeangukiwa na gogo msituni na kuvunjika paja. Santina akaufungua ufunguo kiunoni, akampa Bortolo. "Mara moja tu," akasema, kwa sauti ya mtu anayejua anakosea.

Asubuhi yake alipolifungua tanuri, mvuke ulimpiga usoni kama amefunua sufuria ya kufulia nguo. Alizishika koili moja moja. Kwa nje zilikuwa kavu, za moto, nzuri. Alisimama hapo kitambo, mkono juu ya utepe. Angeweza kuzirudisha kwa siku moja zaidi, lakini chini walikuwa wakipiga kelele kwamba behewa linangoja. Akaagiza zichovywe.

Koili nyingi za siku ile ziliwekwa kwenye rafu ya akiba. Chache ziliingia moja kwa moja kwenye mota ya behewa lililokuwa likingoja, na kwa mwezi mzima na ushee behewa likapanda na kushuka, hakuna aliyelalamika. Santina akaanza kulala usingizi wake wa kawaida.

Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni, siku watu wanapopeleka wanyama wakabarikiwe, na behewa lilijaa hadi mlangoni, watu, kuku, na mbuzi wawili ambao kondakta aliamua kutowaona. Kwenye mwinuko wa mwisho chini ya kituo cha juu, mota ikanguruma, ikakohoa, ikatoa moshi wa kunuka vanishi. Dereva akakata umeme, akafunga breki. Hakuna aliyeumia. Watu waliteremka wakatembea kwenye theluji wakilaani umeme na aliyeuleta, na bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba farasi wa zamani angalau ulikuwa unaweza kumwona anapochoka.

Mota ilishushwa kesho yake. Koili iliyoungua ikawekwa juu ya meza ya chumba cha juu, nyeusi kama mkate uliosahauliwa, na Injinia Foresti akapanda mwenyewe kuiona. Hakuwa mtu mbaya, huyu injinia. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka ya mkubwa humwangukia mdogo. Alimpa Santina kisu. Wanawake wote waliacha kazi. Santina akakata utepe polepole, akaufunua, na pale chini, sehemu ambayo moto haukufika, uzi ulikuwa mwekundu kama siku ulipolazwa.

"Ni wangu," Virginia akasema kabla hajaulizwa.

"Hii ni ya tatu, Bi Milesi," injinia akasema.

"Ni ya tatu, ndiyo." Mbili za kwanza zilikuwa makosa yake ya kweli, za wakati alipokuwa bado anajifunza, na hakuwahi kuzikana. "Lakini hii, Bwana Injinia, niliisuka vizuri. Naikumbuka. Niliirudia utepe mara mbili pembeni."

"Imeungua."

"Imeungua," Virginia akakubali.

Injinia akasema Virginia atafanya kazi mpaka Jumamosi. Alisema kwa upole, na upole huo haukubadilisha kitu. Kazi nyingine ya mwanamke katika bonde lile ilikuwa kiwanda cha hariri huko chini, mikono kwenye maji ya moto kutwa, na wasichana wakilala hukohuko kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Virginia alikuwa na watoto wawili wadogo na mume anayejikokota kwa magongo kutoka kitandani hadi mekoni. Akienda kwenye hariri, nani angewapikia? Akibaki, wangepika nini? Kila mtu katika chumba kile alipiga hesabu hiyo mwenyewe, akaangalia pembeni.

Mchana huo Bortolo alimngoja Santina chini ya ngazi. Alikuwa akijifuta grisi mikononi kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Ni zile kastanya," Santina akasema.

"Huwezi kujua."

"Najua, na wewe unajua. Niliuhisi ule mvuke kwa uso wangu."

"Shemeji, sikiliza. Ukisema, tanuri linafungwa. Si kwa mwaka huu tu, milele. Nyumba zote za karakana zinarudi kwenye moshi na kastanya zilizooza nusu. Na wewe unafukuzwa, kwa sababu ufunguo ni wako. Nani atalisha watoto wa kaka yangu, mimi? Nina wangu." Akapunguza sauti. "Virginia bado kijana. Atapata pengine. Tumeongea, hatutamwacha hivihivi. Kila nyumba itampelekea kitu."

"Mnampelekea nini?"

Bortolo alikuwa na haya ya kutosha kutazama viatu vyake. "Kastanya," akasema.

Wakampelekea kweli. Kuanzia jioni hiyo, mmoja mmoja, mwenye kapu, mwenye mfuko wa mto, mwenye ndoo, walibisha hodi kwa Virginia. Hawakukaa. Walisema, "Za watoto," wakaondoka wameinamisha kichwa, na yeyote aliyewaona angedhani wanatoka msibani. Santina naye alikwenda. Nisimpambe. Alijaza mfuko wake kwa kastanya nzuri alizochagua moja moja, akauacha mikononi mwa Egidio mlangoni, akageuka haraka kabla Virginia hajatoka ndani. Alijiambia kwamba anatoa zaidi ya wengine. Usiku ule maneno hayo yaligoma kumpa usingizi.

Ijumaa asubuhi Virginia alikuja kazini mapema, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Santina. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa akitabasamu.

"Santina, sijui niseme nini," akaanza. "Mimi siku zote nilidhani watu wa hapa hawanipendi. Mimi mtu wa ng'ambo ya mto, nimekuja kuolewa tu. Colomba hajawahi kunisalimia vizuri. Sasa juzi Colomba amekuja na kapu, analia. Analia, Santina, kwa ajili yangu. Na Bortolo. Na wewe." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Egidio anasema, kazi imepotea lakini tumejua tuna watu. Nilitaka uwaambie wote ahsante, maana mimi nikianza nitaharibu."

Santina alikuwa ameshika utepe. Akauweka mezani. Lawama angeivumilia, hata matusi, kwa kuwa alikuwa na mdomo wa kujibu. Ahsante ile ilimkata maini. Virginia alikuwa akiwashukuru kwa kumtoa kafara, na kama hakuna anayesema, angewashukuru mpaka anaingia kaburini.

"Waambie mwenyewe," akasema, na sauti yake ikatoka mbaya kuliko alivyotaka. Akainuka.

Alikwenda kwenye rafu ya akiba. Koili za siku ile ya mvuke zilikuwa bado zimepangwa pale, zinang'aa kwa vanishi, na kati yake alijua ipi yake. Akaichukua, akashuka nayo ngazi. Mafundi walimwona anapita katikati ya karakana, koili kifuani kama anambeba mtoto. Bortolo alitoka chini ya behewa.

"Shemeji."

"Nipishe, Bortolo."

"Fikiria watoto."

"Ndio ninaowafikiria. Nao siku moja watakuwa na uzi wao wa kujibia." Akampita.

Injinia Foresti alikuwa akinywa kahawa. Santina hakungoja kuketishwa. Aliiweka koili juu ya meza na kumwomba aipime kwa ile mashine yake ya sindano, inayoonyesha kama umeme unavuja. Injinia alishangaa, lakini alizungusha mkono wa mashine. Sindano ilipaswa kupanda. Ikatikisika kidogo, ikalala. Akajaribu tena, ikalala tena.

"Imesukwa na nani?"

"Na mimi. Kata uone uzi. Na zote zilizo pamoja nayo kwenye rafu ziko hivyo, ziwe za nani. Zilikaushwa siku moja na ile ya Virginia. Hazikukauka."

"Kwa nini hazikukauka?"

Basi akamwambia. Alimwambia yote, isipokuwa aliombwa na nani. Alisema ufunguo ulikuwa wake na ruhusa ilikuwa yake. Injinia alisikiliza kikombe kikiwa kimesimama njiani kwenda mdomoni.

"Kastanya," akasema mwishowe.

"Kastanya, Bwana Injinia."

"Kwenye tanuri la mota." Akafikiri kidogo. "Na zile mnazoniletea kila Krismasi? Mke wangu huwa anasema hajawahi kuona nyeupe namna ile."

"Hizo pia."

Kikombe kikarudi mezani. Injinia alimtazama muda mrefu, na Santina aliona hasira inakuja, inafika shingoni, halafu inakwama hapo, kwa sababu ni vigumu kumkaripia vizuri mtu ambaye umekula kastanya zake miaka yote. Akanyoosha mkono. Santina akafungua ufunguo kiunoni akampa.

Hukumu ilikuwa fupi. Virginia abaki. Koili zote za siku ile zikatwe na kusukwa upya. Tanuri liwekewe kufuli nyingine na ufunguo ukae ofisini. Santina asifukuzwe, kwa kuwa hakuna wa kuwafundisha wasukaji, lakini si mkuu tena, na mshahara wake uwe wa msukaji wa kawaida. Cheo chake akapewa Colomba.

Habari ilifika chini kabla yake. Alipopita kurudi ngazini hakuna aliyemsalimia. Bortolo alimgeuzia mgongo akajifanya anatafuta spana, na ilikuwa mkononi mwake. Jumamosi hiyo magunia ya kastanya kavu yaliyobaki bandani yakabebwa kurudi majumbani, na wenyewe walipita chini ya dirisha la Santina wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wanaoota utakatifu wakiwa wameshiba. Santina alikaa ndani. Aliumia, tena sana, kwa kuwa aliwapenda, na kwa kuwa walikuwa na haki ya nusu.

Jumatatu Virginia alikuwapo mezani pake. Sasa walikaa upande kwa upande, kwenye benchi moja, kila mmoja na kibao chake. Walifanya kazi asubuhi nzima. Colomba, mkuu mpya, alipita nyuma yao mara kadhaa. Ilipofika saa ya kula, wengine waliposhuka na ugali wao uliofungwa kwenye vitambaa, Virginia alibaki. Santina naye akabaki.

"Waliokuja kwangu," Virginia akasema, macho kwenye waya, "wote walikuwa wanajua?"

"Walikuwa wanajua."

"Colomba?"

"Colomba pia."

"Na wewe ulipoleta wako, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Virginia."

Virginia alizungusha utepe, akaukaza, akauzungusha tena. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko mwaka uliopita, Santina aliliona hilo hata wakati ule.

"Za wengine nimezirudisha jana," Virginia akasema. "Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Zako sikuweza kuzirudisha, zimeisha. Niliwaambia watoto tuanze na hizi, kwa sababu zimetoka kwa Santina."